Karata Nzito na Neno Dogo

Wahenga walinena, mwenye nguvu mpishe. Neno hili ni la busara njiani, na ni la busara katika mambo mengi ya dunia. Lakini upo mchezo mmoja ambamo mtu akimpisha mwenye nguvu huwa amemtupa. Mchezo huo ni briji. Watu wanne huketi mezani, wawili upande mmoja na wawili upande wa pili, kila mtu akielekeana na mwenziwe. Karata 52 hugawanywa sawasawa, 13 kwa kila mmoja. Kisha, kabla ya karata hata moja kutupwa mezani, hufanywa mnada, na katika mnada huo kila upande hutaja idadi ya mapato unayoahidi kuchukua. Pato ni mzunguko mmoja wa karata nne, na mapato yote ni 13. Upande uliotaja ahadi ya juu kabisa hufungwa na ahadi yake kama mfanyabiashara afungwavyo na mkataba. Ukitimiza hulipwa, ukipungukiwa hulipa.

Sheria ya malipo iliyoupa mchezo huu sura yake ya leo ilitungwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, alipokuwa safarini melini kupitia mfereji wa Panama. Kabla ya hapo, upande uliochukua mapato mengi uliandikiwa yote, hata yale usiyoyaahidi. Vanderbilt alichukua wazo lililokuwamo katika mchezo wa Kifaransa uitwao plafond, akaamua kwamba katika kutafuta ushindi yahesabiwe yale tu yaliyoahidiwa. Na kwa wenye kuahidi mapato 12 au yote 13, na wakatimiza, aliweka tuzo kubwa iitwayo slemu. Tangu hapo kuwa na nguvu hakukutosha tena. Ilipasa nguvu itamkwe, na itamkwe kwa kipimo.

Lugha ya kuitamkia ni finyu ajabu. Ina maneno 38 tu. Maneno 35 kati ya hayo ni ahadi, kuanzia pau moja hadi saba bila turufu; matatu yaliyobaki ni kupita, kurudufu, na kurudufu tena. Kwa maneno haya machache mtu hana budi kumweleza mwenziwe karata 13 ambazo haruhusiwi kumwonyesha, ilhali mikono anayoweza kugawiwa mtu mmoja ni 635,013,559,600. Kukonyeza jicho ni haramu. Kukaza sauti ni haramu. Na maana waliyopatana wenzi wawili haifichwi wapinzani wao. Zaidi ya hayo, lugha hii ina sharti moja lisilopatikana katika lugha nyingine yoyote: kila ahadi ikitajwa, ahadi zote zilizo chini yake hufa. Hakuna kurudi nyuma. Atajaye shupaza mbili amekwisha kuyaua maneno manane yaliyotangulia, na la tisa ni lake mwenyewe.

Majina ya karata hayampi taabu msomaji wa pwani. Kopa, uru, pau, shupaza na hata turufu ni maneno yaliyoachwa na Wareno. Katika karata za kale za pwani mfalme huitwa mzungu wa nne, kijana mzungu wa tatu, na malkia mzungu wa pili, kwa kuwa hizo ndizo thamani zao katika kuhesabu. Wacheza briji wana hesabu nyingine, iliyoenezwa kwanza na Milton Work na baadaye na Charles Goren: ree ni alama 4, mfalme 3, malkia 2, kijana 1. Aina moja ina alama 10, na karata zote zina 40. Daraja za aina katika mnada hupanda hivi: pau, uru, kopa, shupaza, na juu yao wote bila turufu.

Basi mtu mwenye alama 10 amepata fungu lake la haki, wala hana la kujivunia. Mwenye 16 au zaidi hutokea karibu mara moja katika kumi. Mwenye 22 au zaidi hutokea mara nne tu katika elfu. Na mchezaji akiziona karata za namna hiyo mkononi mwake moyo humdunda. Hapo ndipo jaribu linapoanza. Nguvu hutamani kelele. Mwenye karata nzito huona kwamba neno kubwa ndilo linalomstahili, na mwenzi wake, ambaye bila shaka ana karata duni, si wa kuulizwa. Hutaja ahadi ya juu kwa mkupuo mmoja, kama tajiri atupaye fedha mezani bila kuuliza bei.

Kosa lake hudhihirika kwa mfano mmoja. Achukuliwe mtu mwenye ree, mfalme, malkia, kijana na nne ya shupaza; ree, mfalme na tatu ya kopa; ree, malkia na tano ya uru; mfalme na mbili ya pau. Ana alama 26. Mwenzi wake awe na shupaza tatu ndogo, kopa mbili ndogo, pau tatu ndogo, na uru tano zinazoongozwa na mfalme. Alama zake ni 3 tu. Lakini mfalme yule huziunganisha ree na malkia, na uru ndogo zilizobaki hukua baada ya kubwa kwisha. Karata za wapinzani zikigawanyika kwa kawaida, upande huu huchukua mapato matano ya shupaza, matano ya uru, na mawili ya kopa: jumla 12, nayo ni slemu.

Sasa mfalme wa uru aondolewe, na mwenzi apewe shupaza tatu ndogo, kopa nne ndogo, uru tatu ndogo, na pau tatu zenye malkia na kijana. Alama zake ni zile zile 3. Lakini mapato ni 10, na bahati ikiwa njema 11. Mwenye alama 26 hawezi kuzitofautisha hali hizi mbili kwa kuzikazia macho karata zake. Zinatazamika vile vile katika hali zote mbili. Habari anayoihitaji imo mikononi mwa maskini aliye ng'ambo ya meza, na maskini huyo hana njia ya kuitoa asipoachiwa nafasi.

Ndiyo maana wataalamu wa briji walifikia shauri linaloonekana kinyume cha akili: karata nzito kabisa itangazwe kwa neno dogo. Katika mafundisho ya Ely Culbertson, ambaye yeye na mkewe Josephine walikuwa mashuhuri Marekani katika miaka ya 1930, mwenye mkono mkubwa mno alifungua kwa ahadi ya mbili katika aina yake mwenyewe, na mwenzi asiye na kitu alijibu mbili bila turufu. Njia hii ilikuwa ya kweli na ya wazi, lakini ilikuwa ya gharama. Mmoja alisema shupaza mbili, wa pili akajibu mbili bila turufu, na maneno 10 yakawa yamekwisha kuzikwa kabla mazungumzo hayajaanza. Baadaye wengi waliiacha, wakapatana kwamba pau mbili isiwe na maana ya pau hata kidogo, bali iwe ni ishara ya nguvu kuu. Na uru mbili iwe jibu la mnyonge. Katika mfano uliotangulia, mwenye nguvu husema pau mbili, mwenzi hujibu uru mbili, naye huitaja shupaza mbili. Hapo mwenzi wa kwanza hupata nafasi ya kusema uru tatu, na mwenye ree na malkia ya uru huelewa mara moja kuwa jambo jema limo. Mwenzi wa pili, kwa mapatano ya wengi, huruka hadi shupaza nne, yaani, nakuunga mkono, lakini sina ree wala mfalme. Alama ni zile zile, majibu ni mbali mbali, na mwenye nguvu hujua pa kwenda na pa kukomea.

Vanderbilt mwenyewe alikuwa amekwenda mbali zaidi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1929 alishauri mkono wenye nguvu ufunguliwe kwa pau moja, ambalo ni neno la chini kuliko ahadi zote 35. Wakati ule wengi hawakumfuata. Lakini Waitalia walilichukua wazo la namna hii, wakalisitawisha Napoli, ambako jibu la mwenzi lilitangaza ree na wafalme alio nao. Na timu yao ilitwaa Kombe la Bermuda, ambalo ni ubingwa wa dunia, kila liliposhindaniwa tangu 1957 hadi 1969. Mwaka 1969, na tena 1970, timu ya Taiwan ilishika nafasi ya pili katika kombe hilo kwa mtindo wa pau moja uliobuniwa na C. C. Wei. Si haki kudai kwamba neno dogo peke yake ndilo lililowapa mataji Waitalia, maana walikuwa mafundi wa kila fani ya mchezo. Lakini si rahisi tena kudai kwamba ni neno la wanyonge.

Neno dogo, hata hivyo, halina faida lisipokuwa na amana nyuma yake. Pau mbili ya mwenye nguvu ina sharti zito: mwenzi wake asipite. Hata awe hana alama moja, hata karata yake kubwa kabisa iwe tisa, imempasa kujibu. Mkono wa namna hiyo, usio na karata iliyozidi tisa, huitwa Yarborough, kwa jina la bwana mkubwa wa Uingereza ambaye inasimuliwa kuwa aliweka dau la 1,000 kwa moja kwamba mtu hataupata. Naye alikuwa na faida, maana hutokea mara moja katika 1,828. Mwenye mkono huo hutamani kujificha. Kupita humwita, kwa sababu kupita ni neno la mtu asiye na kitu. Lakini akipita, mwenziwe huachwa na mkataba wa pau asizokuwa nazo, na nguvu yote hupotea bure. Hapa methali ya wahenga hupinduka: mwenye nguvu asipishwe, ajibiwe. Na katika kujibu, mnyonge aghalabu huwa mwamuzi. Mtu akifungua mbili bila turufu, huwa ametangaza alama zake kwa tofauti ya moja au mbili tu. Amekwisha kusema yote. Mwenye alama 4 au 5 upande wa pili ndiye ajuaye jumla, na kwa hiyo ndiye aamuaye wasimame au wapande. Aliyejieleza hutii, aliyesikiliza huamua.

Njia hii ina hatari zake. Wapinzani nao wana masikio. Wakisikia pau moja yenye nguvu, na mmoja wao ana shupaza nyingi na alama chache, huruka papo hapo hadi shupaza tatu ili kuiziba njia ya mazungumzo. Neno dogo huacha nafasi, na nafasi huweza kuporwa. Wapatanao hawana budi kuliandaa na hilo, maana upole usio na maandalizi huwa ni ulegevu.

Hatari ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni kutangaza nguvu usiyokuwa nayo. Mwaka 1929, mjini Kansas City, mume na mke walicheza briji na majirani zao. Mume alifungua shupaza moja. Mke aliliamini neno lake, akampandisha hadi shupaza nne. Ahadi haikutimia. Mke alimlaumu, mume akampiga kofi, na kabla ya usiku kwisha mume alikuwa amekufa kwa risasi za bastola mkononi mwa mkewe. Mahakama ilimwachilia mwanamke huyo mwaka 1931. Hapana mchezo unaostahili damu ya mtu, wala mnada ule haukuwa chanzo cha yote yaliyokuwa katika nyumba ile. Lakini ni dhahiri kwamba kilichovunjika mezani kilizidi mkataba wa mapato 10. Mtu alisema neno, mwenziwe akajenga juu ya neno hilo, na jengo likaanguka mbele ya wageni.

Ian Fleming, katika riwaya yake Moonraker ya 1955, amemchora mtu mwenye alama 31 kati ya 40 ambaye hakuambulia pato hata moja. Karata zile zilipangwa kwa hila, na hazigawanyiki hivyo kila siku. Lakini mtu huyo anafahamika kila mahali. Alizihesabu karata zake mara nyingi, akarudufu ahadi ya wapinzani kwa furaha, wala hakujiuliza wapinzani wenye karata duni wangewezaje kuahidi mapato yote 13. Alama 31 zilimziba masikio.

Mchezo wa briji haumfundishi mtu kupata karata nzito, kwa kuwa hizo huja kwa kugawiwa, na mgawaji hana upendeleo. Humfundisha la kufanya siku zinapomjia. Aseme kweli, aseme kwa neno la chini, na amwachie nafasi aliye na kidogo, kwa sababu huenda mfalme wa uru yuko kwake.