Ndimu haifufui nyama yenye kuoza



Kila mara kuran inakatika siku mbili tatu, wamama wanaulizana neno lile lile, ku robine na mu kikundi cha kanisa: nyama tutaichunga namna gani? Na kila mara mumoja anajibu: "Tia ndimu, tia pilipili mingi, mikrobi itakufa." Mimi ninapenda viungo, ninavitumia kila juma. Lakini jibu lile lilinigombanisha siku moja na watu wa nyumba yetu, ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza tusifu kile kinachostahili sifa. Mimea iko na nguvu ya kweli. Ukiponda kitunguu saumu, ile harufu kali inayotoka ni ya kitu kinachozuia mikrobi nyingi zisizae. Karafuu iko na mafuta yanayoitwa eujenoli; hata wadaktari wa meno wanayatumia. Rozimari inasaidia kwa njia ingine: inazuia mafuta ya nyama yasiharibiwe na hewa, yasipate ile ladha ya mafuta ya zamani. Tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya unaruhusu viwanda kutia dawa iliyokamuliwa mu rozimari ndani ya vyakula, na imepewa namba E 392. Hata seleri yetu ya soko iko na kazi. Kuko viwanda vinavyotumia unga wake, kwa sababu uko na nitrati; mikrobi isiyo mibaya inageuza ile nitrati kuwa nitriti, kitu kile kile kinachochunga soseji na kuipa rangi nyekundu. Kwa hiyo soseji ya "bila dawa" inaweza kuwa na dawa ile ile, iliyotoka tu mu majani.

Lakini tuangalie mipaka. Kiwandani wanapima kila gramu, na nyama inakaa mu baridi toka kuchinjwa mpaka kuuzwa. Wewe na mimi tunapima kwa mukono, na frigo imezimika. Viungo vinaweza kuchelewesha kuoza. Haviwezi kurudisha nyuma nyama iliyokwisha kuanza kuoza. Tena vinafunika harufu, na harufu ni mulinzi wetu. Muuzaji mwenye hila anajua jambo hilo vizuri.

Watu wanasema: "Moto utamaliza yote." Hapana. Kuko mikrobi inayoacha sumu ndani ya nyama. Ukichemsha, mikrobi inakufa, lakini sumu ile inabaki. Na kitu cha asili si kitu cha usalama kila mara: mwaka 1985, kule Vancouver, inchi ya Kanada, watu 36 walipata ugonjwa wa botulismu kwa sababu ya kitunguu saumu kilichokatwa, kikawekwa ndani ya mafuta, kikachungwa bila baridi. Mafuta yanafukuza hewa, na ile mikrobi inapenda pahali pasipo hewa. Basi usiweke nyama na vitunguu saumu mu chupa ya mafuta ukifikiri umepata konserva.

Sasa habari ya nyumba yetu. Ilikuwa wakati wa kilio cha shemeji. Ndugu walinunua kilo kumi za nyama ya ngombe asubuhi. Kuran ikakatika mbele ya saa sita, mazishi yakachelewa mpaka kesho yake. Tulipofungua frigo, zilikuwa zimepita saa karibu 30, na nyama ilikuwa inanata ku mikono. Mama mukwe akaniambia: "Mutoto wangu, hii ni franka ya batu. Ndimu iko, pilipili iko. Tupike tu, batu banangoja."

Nikamujibu: "Mama, unisamehe. Watu makumi ine wakigonjwa hapa, tutafanya kilio kingine."

Bwana yangu alinyamaza. Kisha akachukua jembe, akachimba shimo nyuma ya lupango, kusudi imbwa wasiifukue. Watu walikula bukari na maharagi. Wengine walisema tumezika ndugu yetu kwa aibu. Mama mukwe hakunisemesha juma nzima, na mimi sikumukasirikia. Yeye alikomea kijijini, kule nyama inaliwa siku ile ile ya kuwinda, ama inapanda juu ya moshi. Pilipili yake ilitosha kwa nyama ya namna ile.

Na ni yeye aliyenifundisha moshi. Ninanunua nyama asubuhi sana, ninaileta nyumbani mbele ya saa mbili kupita. Ninaikata vipande vyembamba. Kwa kilo moja ninatia kijiko kikubwa cha chumvi chenye kujaa, kitunguu saumu, karafuu kidogo na pilipili. Ninaichemsha mpaka inaiva ndani kabisa, ndipo ninaitandika juu ya moshi mpaka inakauka, hata katikati. Chumvi na moto vinatoa maji, na bila maji mikrobi haizae. Moshi nao unasaidia, lakini tusizidishe: moshi mwingi sana unaacha vitu vinavyoweza kuleta kansere. Nyama ya kusaga siichungi hata siku moja, sababu mashini inaingiza mikrobi mpaka ndani.

Kwetu huku mu migodi kuko maonyo mengine. Usichome mbao za kazi zilizopakwa rangi ao dawa, wala mipira ya gari, wala plastiki. Usichunge nyama mu mifuko iliyobeba mawe ya madini ao dawa za kiwanda. Usipande viungo karibu na malundo ya uchafu wa mugodi. Majani yanaweza kunyonya kile kilicho mu udongo. Na kama nyama inauzwa kando ya barabara ya makamio, idai iliyofunikwa.

Wazazi wapenzi, ninajua kutupa nyama kunauma. Mushahara ni mudogo, na batoto wanaangalia sahani. Lakini kilo kumi za nyama zinapatikana tena, hata kama ni kisha miezi mingi. Mutoto hapatikani tena. Basi tia ndimu mu nyama nzuri, umushukuru Mungu kwa utamu wake. Nyama yenye kunata, uizike, hata kama mukwe wako amesimama pale anakutazama.