Fundi Akikwambia "Bado"

Ndugu msomaji, umepata kumkasirikia mtu kwa sababu alikataa kukuharibia kazi yako? Mimi nimepata.

Binti yangu alipoposwa, nilimwahidi kwamba siku ya harusi nitampigia gitaa langu mwenyewe. Nikaenda Keko, Dar es Salaam, kwa fundi mzee aliyekarabati magitaa ya bendi yetu miaka mingi. Kabla ya kupima chochote, aliniomba nipige, naye akavitazama vidole vyangu. Tukapatana: mgongo wa mninga, uso wa mbao nyepesi, na mpingo pale vidole vinapobonyeza nyuzi. Nikatoa arubuni.

Wiki mbili kabla ya harusi nilikuta mbao zingali zimeegemezwa ukutani. Masika yalikuwa yamezijaza unyevu.

"Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi," alisema. "Mbao hizi zikinywea kiangazi, zitapasuka. Nikiharakisha, utapiga harusini; mwakani utaniletea kuni."

Niliondoka bila kuaga. Harusini nilipiga gitaa la kuazima. Binti yangu alitokwa na machozi ya furaha, wala hakuuliza ni la nani.

Miezi minne baadaye nilikwenda kulichukua gitaa langu, nikamwomba mzee radhi. Akanivutia kigoda, akaniambia nipige. Tangu hapo masika mawili yamepita. Halijapinda wala kupasuka.

Msomaji mpendwa, fundi wa kukuitikia "ndiyo" hakosekani mtaani. Mthamini yule anayethubutu kukwambia "bado".