Diski ya Mzee

"Fomati tu, boss. Nusu saa iko fiti." Fundi wa Luthuli alikuwa tayari ameshika bisibisi. Nikabeba kompyuta yangu, nikapanda mat ya Umoja.

Yangu ni kusema tu. Ni desktop ya mzee, prosesa yake haikubaliki na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi hulipwa kwa maneno ninayoandika; mashine ikiganda, hakuna unga. Nilihitaji Linux. Lakini kwenye diski hiyo kuna hesabu za chama, picha za ushago na barua za mzee, na tangu tumzike mama hataki chochote kiguswe.

Basi nikatafuta SSD ndogo, ya pili. Wengi huigawanya diski moja, kidole kikiteleza kila kitu kimeenda. Diski mbili ni kama vyumba viwili kwa ploti, kila mtu na mlango wake. Ila kuna mtego: ukiacha zote zimechomekwa, Ubuntu inaweza kuweka programu yake ya kuwashia kwenye diski ya kwanza, ile ile uliyoapa hutaigusa. Kwa hivyo nilizima mashine, nikachomoa diski ya mzee, nikaiweka juu ya kabati kama yai, ndipo nikachomeka flashi. Nilipomaliza nikairudisha. Siku hizi nikiwasha nabonyeza F12, nachagua.

Kitu kilichonisumbua ni saa. Linux huweka saa ya mashine kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa. Nikitoka kwangu nikaingia kwa mzee bila bando, saa inarudi nyuma masaa matatu. Amri moja ya timedatectl huimaliza hiyo stori, lakini nilikuwa sijaijua bado Jumapili ile mama aliponituma hesabu za chama.

Kando ya hesabu kulikuwa na folda yenye jina langu. Barua nne kwa chuo, mzee akiomba niruhusiwe kufanya mtihani huku akitafuta karo. Kila barua, kiasi anachoahidi kinapungua. Ya mwisho ni ya wiki niliyoacha shule, wiki ile ile nilimwambia usoni kwamba hakujaribu.

Nikadhani tarehe ndizo zimeharibika. Nikaangalia tena. Saa ilikuwa imekosea masaa matatu tu.

"Umezipata?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Bado, mathe."