Kukaa kwa watu: Karavia na Liège

Wazazi wa Lubumbashi wanaonipigia simu kuhusu masomo ya Ubelgiji huanza na swali moja, kabla hata ya kuuliza ada: mtoto akifika huko, atakaa kwa nani? Nalipenda swali hilo. Linaonyesha kwamba kwetu mwanafunzi hatupwi mjini peke yake. Lazima awe na mtu wake.

Nyumbani kwetu Karavia, mtaa wa Lubumbashi, hakukukosa mtoto wa ndugu. Walitoka Likasi, Kolwezi au Kasenga kuja kusoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Aliyefika hakutajiwa bei wala tarehe ya kuondoka. Siku hiyohiyo alianza kumwita baba yangu Papa, na Mama akamwonyesha pa kulala, ndoo za maji na mbabula, jiko la makaa. Jioni sote tulizunguka bukari moja, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo au samaki wa aina ya Thomson, bila fungu lake na fungu letu.

Ila maji ya REGIDESO yakikatika, yeye ndiye wa kwanza kutumwa kisimani. Umeme wa SNEL ukizimika, yeye ndiye anayewasha makaa. Wageni wakiingia usiku wa kuamkia mtihani, vyombo vinamngoja yeye. Atalalamika kwa nani? Anakula bure, analala bure, na kinywa chake kimefungwa na wema aliotendewa.

Huku Liège, familia iliyonipokea ilinikalisha mezani jioni ya kwanza tukasoma mkataba. Tangu tarehe 1 Septemba 2018, sheria ya Wallonie, eneo la Ubelgiji ambamo Liège imo, ina mkataba wa pango wa wanafunzi. Tulikagua chumba na kuandika kila mkwaruzo wa ukuta. Nikaoneshwa rafu yangu kwenye friji, na mfuko wa buluu wa chupa za plastiki na makopo. Nilipojiandikisha manispaa, polisi wa mtaa akaja kugonga mlango ahakikishe kwamba kweli naishi pale. Chakula cha jioni kilikuwa mkate na jibini, mapema, kila mtu na kisahani chake. Ukitaka kuleta rafiki, unasema siku kadhaa kabla. Kwa mtoto wa Karavia, hayo yote yalikuwa baridi kuliko hewa ya nje.

Kisha mitihani ya Januari ikakaribia, katika majuma ambayo wanafunzi wa Ubelgiji huyaita blocus. Mama wa nyumba alikuwa ameuliza ratiba yangu mapema na kuibandika jikoni. Televisheni ikapunguzwa sauti. Hakuna aliyenituma popote, na usiku nilikuta supu ya moto imewekwa mlangoni pangu. Hapo nilitambua upendo wa aina nyingine: kumlindia mtu saa zake.

Nimejiuliza sana kwa nini kwetu mzigo humwangukia mtoto wa kuja. Kampuni ya madini Union Minière, na baadaye Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Mjomba mwenye posho aliweza kupokea watoto wa ndugu bila kuhesabu. Kampuni ikaporomoka miaka ya 1990, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa départs volontaires, kuondoka kwa hiari. Posho ikaisha, desturi ya kupokea ikabaki, na hiyo ni heshima kubwa ya mji wetu. Lakini leo mfuko wa unga wa kilo 25 kutoka Zambia hununuliwa kwa pesa ya mfukoni, na nyumba inayoona haya kudai kodi hudai mikono.

Sitaki Karavia igeuke Liège. Huku mkataba ukiisha, chumba hupata mtu mwingine na mara nyingi habari huishia hapo. Kwetu, aliyelala nyumbani mwetu akisoma ni mtoto wetu maisha yote. Kwenye harusi anaketi upande wa familia, na kwenye msiba anapigiwa simu kwanza.

Ninachotaka ni tuseme mambo mapema. Na kusema tunajua. Kwenye mahari, familia mbili huketi na kutaja kila kitu, hadi suti ya baba na kitenge cha mama, na hakuna anayedai kwamba kutaja kumeua mapenzi. Basi anayempokea mwanafunzi aketi na wazazi wake kabla masomo hayajaanza. Waseme kazi zipi za nyumba ni zake na zipi za watoto wenyeji. Waseme wazazi watachangia nini, hata kama ni mahindi ya shambani tu. Waseme mitihani ikifika nani atachota maji badala yake. Ratiba yake ibandikwe ukutani, watoto wote waione. Haya hayahitaji sheria wala pesa, na yatamwezesha kijana wa Kasenga kuingia mtihanini akiwa amelala usingizi wa kutosha.