Ndege ya Kenya, Anwani ya Tanzania

Nilitia saini kwamba transponda ya ndege ile imepimwa na iko sawa. Haikuwa sawa, na sikuwa nimeipima. Nawaandikia mafundi wenzangu wa avioniki, hasa vijana walioko kwenye mahanga ya Wilson na Arusha, kwa sababu kosa hili ni jepesi kulifanya na gumu kuliona.

Cessna 206 ilikuwa imenunuliwa Tanzania ikaletwa Nairobi, usajili ukabadilika kutoka 5H kuwa 5Y. Ubavuni iliandikwa herufi mpya. Mimi nilipewa kazi ya ndani: kufunga redio mpya na kuiweka transponda katika usajili wa Kenya.

Transponda ya Modi S hubeba vitambulisho viwili. Kimoja ni herufi zinazoonekana kwa mwongoza ndege kwenye skrini ya rada, na mara nyingi rubani mwenyewe aweza kuziingiza. Cha pili ni anwani ya biti 24, ambayo nchi ya usajili huipatia ndege kutoka katika fungu lililogawiwa na ICAO. Zikiandikwa kwa heksadesimali, anwani za Kenya huanza na 04C, za Tanzania 080. Kila fungu kati ya hayo lina anwani 4,096 tu, hivyo ndege ikihama, anwani yake ya zamani yaweza kupewa nyingine.

Nilibadilisha herufi, nikaacha anwani. Kazi hii nilijifunzia kwenye ndege zenye usajili wa Marekani, ambako anwani hukokotolewa kutokana na usajili wenyewe, na vifaa vingine hufanya hesabu hiyo bila kuombwa. Nikaamini hata hiki kimefanya hivyo. Kwetu hakuna hesabu ya namna hiyo. Anwani hutolewa na mamlaka, kisha fundi huiingiza katika ukurasa wa matengenezo ambao rubani haufikii. Barua yenye anwani mpya ilikuwamo kwenye faili. Sikuisoma.

Kipimo cha transponda kilikuwa kimeazimwa na karakana jirani. Rubani akaja: "Fundi, kesho asubuhi nina wageni wa Mara." Alikuwa na haki ya kuharakisha. Mimi sikuwa na haki ya kumkubalia. Niliwasha kifaa, nikaona herufi za 5Y, nikajaza logibuku.

Wapo wanaodhani ubaya wa jambo hili ni wa makaratasi tu. Rada ya Modi S huita kila ndege kwa anwani yake. Zikiwapo mbili zenye anwani moja, zote huitikia mwito uliokusudiwa mojawapo. Kuna pia TCAS, mfumo wa kuepusha migongano. Umetengenezwa upuuze anwani ya ndege ambamo umefungwa, usije ukajidhania kuwa ni ndege nyingine. Kwa hiyo kama ile anwani ya Tanzania ingepewa ndege yenye TCAS, mfumo wake usingeihesabu Cessna ile hata kama zingekuwa zinaelekeana. Nilipolielewa hilo niliwafikiria wale wageni wa Mara, na wote waliopanda baada yao.

Aliyeligundua ni fundi kijana wa karakana nyingine, ndege ilipokwenda kukaguliwa. Alinipigia simu: "Kaka, mbona hii ndege inajitambulisha kuwa ya Tanzania?" Angeweza kurekebisha kimya kimya, maana ni kazi ya dakika chache, na nakiri kwamba kwa muda mfupi nilitamani afanye hivyo. Nikamwambia aandike kama alivyoona. Katika taarifa yangu kwa mamlaka sikukisingizia kifaa. Kifaa kilikuwa kizima, kikitangaza kwa uaminifu namba niliyoiacha ndani yake.

Kwa rubani nilikwenda mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: ni ndege zipi nyingine nilizoziandikia "imepimwa" kwa namna ile? Sikuweza kumjibu papo hapo, na hilo lilinitia aibu kuliko kosa lenyewe. Nilirudi kwenye kumbukumbu zangu, nikawapigia simu wenye ndege ambazo sikuwa na hakika nazo, nikawaomba wazilete. Nimezipima bila malipo, na katika kila logibuku nimeandika anwani niliyoisoma kwenye kipimo, tarakimu zote sita, kando ya ile iliyo katika barua ya mamlaka.