Mama mkwe, kibofu na figo zilizochoka

Mmezoea kuniona hapa na magauni ya harusi, bei za lesi na namna ya kufunga mtandio usikuteleze mbele ya wageni. Leo nazungumza habari ya mkojo, tena mkojo wenye damu. Anayekula amalize kwanza, kisha arudi.

Mimi mtoto wa Unguja, nimeolewa Mwanza, nina vyerehani vitatu na chumba cha kushonea hapa Kirumba. Mama mkwe wangu (kwetu tungesema mavyaa) alilima mpunga huko Misungwi tangu usichana wake, akahamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Ana presha ya miaka mingi. Wanawe wa kiume wanampenda sana, lakini yapo mambo mama hamwambii mwanawe wa kiume hata akizidiwa. Hayo anaambiwa mke wa mwana. Wewe biharusi unayechagua rangi ya sare sasa hivi, na hili limo ndani ya ndoa, wala hakuna somo atakayekufunda.

Aliniita chumbani akasema, "Mwanangu, siku zangu zimerudi." Mwanamke wa miaka 66! Na kwa kudhani hivyo, alikuwa ameacha kuswali siku ya nne. Nikampa pedi, ikashinda kavu kutwa nzima. Nikamwomba akojoe kwenye kopo: mkojo ulitoka kama juisi ya rozela. Hakuwa na maumivu yoyote.

Zahanati ya kwanza walimpa vidonge vya UTI. Damu ikakata wiki moja, ikarudi. Wakampa tena, na tena. Hapa ndipo wanawake wengi tunapochelewa, kwa sababu damu ya saratani ya kibofu ina tabia ya kukata yenyewe, na wewe unasema dawa imefanya kazi. Mwanamme akikojoa damu anashituka siku hiyo hiyo. Sisi tumezoea kuona damu, tunaipa majina mengine.

Hospitali kubwa walimpiga ultrasaundi, wakaingiza kamera kibofuni, wakakuta uvimbe mmoja. Waliukwangua kwa kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo, kinyama kikapelekwa maabara. Jibu: saratani, na imeshaingia kwenye msuli wa kibofu.

Daktari alimuuliza kama amewahi kusimama kwenye maji ya majaruba. Mama akacheka, akamwambia amesimama humo maisha yake yote. Kichocho cha mkojo kinatokana na konokono wa madimbwi, vijito na mashamba ya mpunga; ziwani kwenyewe tulichonacho zaidi ni kile cha tumbo. Mayai ya kichocho cha mkojo yanakaa kwenye ukuta wa kibofu miaka na miaka, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwaweka minyoo hao kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1994. Wenzangu wa Unguja na Pemba mnakijua kichocho vizuri, mlimezeshwa dawa zake skuli. Uvutaji wa sigara nao ni sababu kubwa duniani. Ila saratani ya Mama haikuwa ya aina ile inayofuatana sana na kichocho. Ilikuwa aina ya kawaida, na hilo lilikuja kumsaidia, kwa sababu ile ya kichocho mara nyingi haisikii vizuri mionzi wala dawa, na upasuaji ndio unaopewa nafasi ya mbele.

Sasa tukaambiwa njia iliyozoeleka: kutoa kibofu chote. Kwa mwanamke mara nyingi hutolewa na kizazi pamoja. Baada ya hapo mkojo unapitishwa kwenye kipande cha utumbo na kutokea tumboni, kwenye mfuko unaobandikwa. Shemeji yangu aliuliza kama hawawezi kumtengenezea kibofu kipya cha utumbo, alisoma mtandaoni. Wanaweza kwa baadhi ya watu, lakini kwa Mama hapana. Utumbo haujui kuhifadhi mkojo. Unanyonya uchafu wake na kuurudisha mwilini, halafu figo zinalazimika kuuchuja mara ya pili. Figo za Mama zilikuwa zimeshachakazwa na presha. Kipimo cha uchujaji kilisoma 38.

Namba hiyo ndiyo iliyotunyima usingizi. Njia ya kukibakiza kibofu ipo: unakwangua uvimbe wote unaoonekana, kisha unapiga mionzi pamoja na dawa ya kuifanya saratani iwe laini mbele ya mionzi. Dawa iliyozoeleka ni sisplatini. Lakini sisplatini inatolewa na figo na inaziumiza figo, na madaktari hupenda kuona kipimo kiwe kama 60 ndipo waitoe. Wifi yangu aliposikia "figo haziruhusu" alianza kulia, akidhani tumefukuzwa kwenye tiba.

Hatukufukuzwa, na hii ndiyo sababu nimeacha gauni la watu mezani nikaja kuandika. Sisplatini siyo dawa pekee. Kuna jemsitabini inayotolewa kwa dozi ndogo ndogo wakati wa mionzi. Kuna pia mitomaisini ikichanganywa na florourasili. Waingereza walizijaribu hizo mbili kwa wagonjwa 360 na majibu yakachapishwa 2012. Baada ya miaka miwili, waliopata mionzi na dawa, 67 kati ya 100 saratani haikuwa imerudi kibofuni wala nyonga. Waliopata mionzi peke yake walikuwa 54. Kwa hiyo ukiambiwa figo za mzee wako haziwezi dawa fulani, uliza swali la pili: ipi zinaweza?

Tena sisemi kila mtu abaki na kibofu. Daktari alitupa masharti na hakutubembeleza: uvimbe uwe mmoja, uwe umekwanguliwa ukaisha, usiwe umeziba mrija wa kutoka figoni, na kibofu chenyewe kiwe bado kinashika mkojo. Ukiziba mrija, figo inavimba na hesabu inabadilika. Mimi fundi ninajua, kitambaa kilichooza hukitii kiraka. Na mgonjwa akubali kurudi kwa kamera miaka yote, kwani ikirudi ndani ya msuli, kibofu kitatolewa tu.

Nyumbani kulikuwa na maneno. Shemeji alitaka upasuaji, "tuutoe tujue moja." Mama hakuwa anaogopa kisu. Alikuwa anaogopa mfuko, kwamba hataswali tena akiwa twahara. Mume wangu alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu, akarudi na jawabu ambalo wenye istihadha wanalijua zamani: mwenye udhuru usiokatika anajisafisha, anatia udhu wakati wa swala ukishaingia, anaswali faradhi yake, na kinachotoka hakimharibii. Nilimwambia Mama hivyo wazi kabla hajachagua, kwani mtu asiikimbie tiba kwa sababu ya jambo ambalo dini imeshalifanyia wepesi. Akasikiliza, akasema, "Nimeelewa. Basi nachagua kibofu changu kwa sababu ni changu." Shemeji akanyamaza.

Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa alishuka hadi Ocean Road, Dar es Salaam, kufuata mionzi. Siku hizi ipo Mwanza, Bugando. Mama alipangiwa mara 20, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne, na jemsitabini katikati. Mionzi yenyewe haiumi, inachukua dakika chache. Kinachochosha ni yanayofuata: mkojo unawaka, choo kinakuwa laini, anakwenda msalani mara kumi usiku. Damu yake ilipimwa kila wiki na kreatinini ikatazamwa. Tulikatazwa kumpa dawa za maumivu kama diklofenaki kwa sababu ya figo, na mitishamba yote iliyoletwa na majirani niliipokea kwa heshima nikaiweka juu ya kabati.

Kamera ya kwanza baada ya tiba ilionesha kovu tu, Alhamdulillah. Anarudi kila miezi mitatu. Figo hazijapona na hatujaahidiwa kwamba zitapona. Kipimo cha mwisho kilisoma 36. Usiku anaamka mara mbili tatu, na ya mwisho anaunganisha na tahajudi. Kamera nyingine ni mwezi ujao. Ameshaniambia nisipokee kazi ya harusi wiki hiyo, kwa sababu hataki kusindikizwa na mtoto wa kiume.