Nyumba ya Magurudumu, Nyumba ya Miguu

Mume wangu ndiye aliyeleta habari za karavani nyumbani kwetu. Kila usiku watoto wakishalala anakaa na simu, anaangalia wastaafu wa Uingereza wakivuta vijumba vyeupe nyuma ya magari yao. Wanaegesha kando ya bahari, wanatoa viti, wanachemsha chai. Nyumba nzima imo mle: kitanda, jiko, sinki, hata choo. "Ona," ananiambia, "mtu anahama na nyumba yake." Nikamjibu kwamba kwetu Rufiji hilo si la ajabu, watu wana nyumba ya pili ya kuhamia toka enzi na enzi, ila haina magurudumu, ina miguu. Alidhani natania.

Kwa wenzetu starehe hii ina mwaka wake wa kuanza. Mwaka 1885 Gordon Stables, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi la majini na baadaye mwandishi wa hadithi za vijana, alitengenezewa gari la kuvutwa na farasi huko Bristol, akaliita The Wanderer, akazunguka nalo akiishi humo humo. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari hiyo. Mwaka 1907 wapenzi wa mambo hayo wakaunda klabu yao. Marekani nako, John Steinbeck alifunga kijumba juu ya pikapu mwaka 1960, akakipa jina la farasi wa Don Quixote, akaondoka na mbwa wake kwenda kuitazama nchi yake upya.

Sisi tuna neno msafara, na maandishi yetu ya zamani yamejaa misafara. Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1901. Abdulrazak Gurnah naye, katika Paradise ya mwaka 1994 ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili kama Peponi, anampeleka kijana Yusuf bara na msafara wa biashara. Ukisoma hizo zote hukuti mtu aliyetoka kwenda kupumzika. Mzigo una uzito, na chini ya mzigo kuna shingo ya mtu. Labda ndiyo maana ukimwambia Mswahili kwamba unakwenda kulala kwenye gari kwa raha zako, anakuangalia mara mbili.

Karavani la kuvutwa la kukodi hatukulipata. Kilichopo Dar es Salaam na Arusha ni magari ya aina ya Land Cruiser yenye hema lililokunjwa juu ya paa. Unafungua mikanda, unavuta ngazi, hema linafunguka lenyewe kama kitabu, na godoro limo ndani. Tukakodi moja kwa siku nne, tukaunganisha sikukuu ya Nanenane ya mwaka 2025 na wikiendi.

Kwa anayeanza, nina machache ya kumwambia. Lala kwanza uani kwako. Sisi tulilichukua gari jioni moja kabla ya safari, tukafungua hema hapo hapo Mbagala, majirani wakichungulia juu ya ukuta. Usiku ule mmoja ulitufundisha kwamba godoro lile ni jembamba kwa mgongo wa miaka arobaini, kwamba tochi ya kuvaa kichwani inazishinda taa tatu za mkononi, na kwamba mtoto wa miaka saba akitaka kujisaidia saa nane usiku, ngazi inakuwa ndefu. Yote hayo ni bora uyajue ukiwa hatua kumi kutoka chooni kwako.

Halafu maji. Tulibeba madumu manne ya lita 20, watu wanne, siku nne, tukarudi na dumu moja. Vitu vizito vikae chini na katikati ya gari. Paa tayari limebeba hema, ukiliongezea magunia gari litayumba kwenye kona. Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi ili yatanuke na kukanyaga eneo kubwa, na ukirudi lami ujaze tena, kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari si anasa. Jiko la gesi lisiingie ndani ya hema hata mvua ikinyesha. Usilale karibu na mto. Rufiji ina mamba, na kiboko akitoka majini usiku kula majani hataki kukuta kitu kati yake na maji. Na usiende Machi, Aprili wala Mei, maana masika yakikolea njia za vumbi za huku zinageuka tope la kunata, na gari lako la magurudumu manne litajifunza unyenyekevu.

Mtu wa nne katika hesabu ya maji alikuwa mama yangu. Ana miaka 70. Hakuja kutalii.

Tangu Aprili 2024 mama anaishi kwa kaka yangu mkubwa, Kibiti mjini. Mtakumbuka mafuriko ya mwezi ule, Rufiji na Kibiti zilivyozama. Kulikuwa na mabishano makali. Wapo waliolaumu maji yaliyofunguliwa kwenye bwawa jipya la Julius Nyerere, wengine wakasema bila bwawa yangekuja makubwa zaidi. Mama yangu hakubishana na mtu. Alikuwa juu ya dungu lake bondeni, mpunga wote chini ya maji, akingoja mtumbwi. Ulimfikia siku ya pili. Baada ya hapo ndugu zangu walikaa kikao wakapitisha: bondeni basi. Kaka ana nyumba nzuri, feni, televisheni, maji ya bomba. Mama alishukuru, akakaa. Ila kila nikipiga simu sauti yake ilikuwa fupi zaidi, na shemeji akaniambia pembeni kwamba sahani inarudi jikoni na nusu ya chakula. Nilipomweleza mpango wetu aliuliza swali moja tu: "Hilo gari lenu linafika bondeni?"

Kutoka Mbagala hadi Kibiti ni lami, barabara ya Kilwa hiyo hiyo: Vikindu, Mkuranga, Jaribu Mpakani, Bungu. Pembeni kuna korosho, minazi, na madumu ya mafuta yaliyopangwa mstari. Kibiti ujaze tanki, maana mbele kwenye njia za vumbi huna uhakika. Tukamchukua mama, mkeka wake wa ukindu chini ya kwapa. "Godoro lenu simwamini," alisema.

Jioni tulifika kijijini kwake upande wa kaskazini wa mto. Kabla ya kufungua mkanda hata mmoja tulikwenda kwa mwenyekiti, shikamoo, tukajieleza. Akachukua daftari akaandika majina, namba za simu na namba ya gari. Hili mwanzo wa safari za namna hii huwa halisemwi kwenye video za mume wangu, lakini huku ni la kwanza. Mwaka 2016 na 2017 wilaya hizi, Mkuranga, Kibiti na Rufiji, zilipita kwenye mauaji. Viongozi wa vijiji waliuawa, polisi waliuawa, na watu walijifunza kufunga milango mapema. Mgeni anayelala kwenye gari porini bila kuaga anawanyima usingizi wenyeji. Ukiaga, usingizi unapatikana pande zote mbili. Mwenyekiti akatupa uwanja nyuma ya shule, na mzee mmoja wa kutuangalia.

Hapo likazuka ambalo wauza mahema hawakulifikiria: mkwe. Hema la juu ni moja. Mume wangu hawezi kulala ukuta mmoja na mama mkwe wake, na kulala juu yake ndiyo kabisa. "Mkwe wangu anilalie kichwani?" mama alicheka hadi akakaa chini. Tukapanga hivi: mume wangu na mwanetu kwenye hema dogo la chini, upande wa pili wa mti, mimi na mama juu. Nikawa na wasiwasi wa ngazi, nikasogea kumshika mkono. Akanitoa. Alipanda bila kupumzika, akageuka huko juu akatuangalia. "Ngazi yenyewe vipago vipana hivi. Ya dungu ni gogo lenye mikato."

Asiyelijua dungu nimweleze. Ni nyumba juu ya nguzo, mita mbili au zaidi kutoka ardhini, sakafu ya miti, paa la makuti au nyasi. Desemba watu wanahamia bondeni kupanda mpunga, wanakaa huko wakifukuza ndege, nguruwe na viboko, mafuriko ya kawaida yakija yanapita chini ya sakafu, mpunga unakunywa. Maji yakirudi yanaacha tope lenye rutuba, na juu ya unyevu ule wanapanda mlau: mahindi, maboga, kunde. Mafuriko ndiyo mbolea yao. Mwaka 1968 yalikuja makubwa, na baada yake Serikali ikawahamisha watu wa bonde kwenda vijiji vya juu, ile Operesheni Rufiji. Mama alikuwa binti wa miaka 13. Tangu hapo wana nyumba mbili: ya juu, kwa ajili ya shule na zahanati, na ya bondeni, kwa ajili ya kula.

Asubuhi gari lilitufikisha hadi udongo ulipoanza kulainika, tukamalizia kwa miguu. Dungu la mama halikuwepo, nguzo mbili tu zimeinama. Ndugu tuliyemwachia shamba alikuwa amepanda mahindi ya mlau, yamestawi. Mama hakutazama nguzo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwembe mkubwa. Ukipita bondeni ukaona miembe mizee peke yake, ujue palikuwa na uwanja wa mtu kabla ya Operesheni. Huu aliupanda baba yake. Kwenye shina kuna mikato ya panga, ya zamani imefumba kama makovu. Mafuriko makubwa yote yana alama. Wa 2024 ulikuwa mpya kuliko wote na juu kuliko yote isipokuwa mmoja. Aliuweka mwenyewe, akiwa ndani ya mtumbwi, akiondoka.

Tulikaa kivulini. Mume wangu akatoa viti vyake vya kukunja na kuchemsha chai, kama wale wastaafu wake. Mama alikunywa, akasema taratibu, bila hasira:

"Nyie mnalipa hela mje mlale hivi siku nne, mnaita likizo. Mimi nikilala hivi miezi sita mnaita mateso."

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa la kumfurahisha tu. Nikamwambia tofauti ipo kwenye ufunguo. Sisi mawingu yakijikusanya tunawasha gari. Yeye alikaa usiku mzima juu ya maji yasiyo na mlango. Alinyamaza muda. "Kweli," akasema. "Basi nipeni ufunguo. Msininyang'anye nyumba."

Usiku uliofuata tulilala Mloka, nje ya lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Selous. Kesho yake tukaona tembo, twiga, na viboko wamejaa kwenye maji. Wageni wa gari la jirani walikuwa wanapiga picha bila kupumua. Mama aliwaangalia viboko kwa jicho la mtu aliyekutana na mdeni wake. "Mnalipa kuwaona hawa? Mimi nimewafukuza bure."

Jumapili tulikaa kikao Kibiti, sebuleni kwa kaka, feni inazunguka. Kaka alikuwa mkali, na namwelewa, maana ndiye aliyesimama ukingoni siku mbili akitafuta mtumbwi. Alisema anayetaka mama arudi bondeni aje amzike mwenyewe. Mama alimwacha amalize. Halafu akazungumza habari za mwembe. Akataka tukubaliane mkato: maji yakifika hapo, anatoka, hata mpunga uwe umebakiza wiki. Alitaja mkato wa juu, kaka akataja wa chini. Walibishana kama watu wanaopatana bei ya ng'ombe, hadi wakashika wa katikati. Mpwa wangu atakaa naye, mtumbwi utafungwa kwenye nguzo ya dungu, si kwa jirani, na simu itakuwa na sola. Kaka alitoa mkono bila kumtazama mtu.

Mume wangu anaweka fedha kidogo kidogo, safari ijayo anataka tuvuke Daraja la Mkapa tushuke hadi Kilwa. Mimi naunga mkono. Hema lile la juu limenipa usingizi ambao sikuutegemea. Lakini jioni, saa moja, simu yangu ikilia siangalii jina. Ni mama, yuko bondeni tangu Desemba. Anaanza na habari za ndege, anakuja kwa watoto, mwisho kabisa ananipa kipimo. Masika yameanza. Jana maji yalikuwa chini ya mkato kwa mkono mmoja na nusu.